Sehemu ya Juu ya Mwili

Saint-Aubin, 3 Machi 1980

Normand,

Salamu sina leo. Nitazitafuta hasira zikiisha.

Jana nilikuwa nakanda unga, Luc mgongoni kwa sababu meno yanamtoka na hataki kuwekwa chini, redio ya mama juu ya friji. Mtangazaji akapiga kelele, "Sauvé amebanwa kwenye mbao! Sauvé yuko chini, hainuki!" Halafu wakaweka tangazo la matairi. Niliusikiliza wimbo wote wa matairi, mikono imejaa unga, sijui kama nina mume au sina. Waliporudi ulikuwa umeshatolewa kwenye barafu, na wakasema Sauvé ana maumivu ya "sehemu ya juu ya mwili".

Sehemu ya juu ya mwili ni nini? Mimi nimeolewa na mwili wote, naujua, kutoka kiunoni kwenda juu kuna vitu vingi. Ni kidole? Ni mbavu? Ni kichwa?

Usinieleze kwa nini mnasema hivyo. Nimezaliwa nyumba moja na mchezaji wa magongo ya barafuni na nimeolewa na mchezaji. Mnaficha ili timu nyingine isijue pa kupiga. Haya, wafiche wao. Mimi sichezi timu nyingine.

Na usipige simu. Laini ya mama bado tunachangia na majirani, na kengele yetu ikilia Bi. Pelletier anainua mkono wa simu kabla yangu. Wiki iliyopita nilikuwa naongea na muuguzi, yeye akaingilia katikati kuniambia nimpake Luc karafuu kwenye fizi. Andika, mpe dereva wa basi la asubuhi kama kawaida.

Walipokuuza kwa Bramwell kabla ya Krismasi, kama mtu anauza friji la zamani, sikulalamika. Nilibeba watoto nikarudi kwa mama, nikalala kwenye kitanda changu cha usichana na miguu ya Mireille usoni. Sikusema neno. Hili nasema.

Ni wapi palipoumia?

Ghislaine


Bramwell, 6 Machi 1980

Gigi wangu,

Ni bega. Bega tu, la kushoto, na wala silo ninalolilalia. Mtunza timu amelifunga vizuri, sasa natembea kama mhudumu wa hoteli aliyebeba sinia.

Mwenzio tumeingia hatua ya mtoano! Nyundo wa Bramwell! Januari mashabiki wetu wenyewe walikuwa wanatutupia maganda ya machungwa, leo mwenye mgahawa hataki nilipie supu ya njegere. Tumeacha ndevu wote, hakuna kunyoa mpaka tutolewe au tushinde. Zangu zinaota upande mmoja. Duquette, nahodha wetu, anasema nafanana na zulia lililoliwa na panya.

Meno ya Luc vipi?

Kofia ngumu uliyoninunulia naivaa mazoezini. Kwenye mechi wanaovaa ni vijana wapya waliolazimishwa na ligi. Sisi wa zamani tumeachiwa tuchague. Nikianza kuivaa sasa hivi Duquette ataniuliza kama nimekuja na chupa ya maziwa pia.

Usiwe na wasiwasi, ni bega tu. Na meno ya Luc vipi, yameshatoka? Mbusu yeye, mbusu Monique.

Wako,
Normand


Saint-Aubin, 8 Machi 1980

Normand,

Umeniuliza meno ya Luc mara mbili katika ukurasa mmoja. Na binti yetu anaitwa Mireille. Monique ni dada yako.

Bega halimsahaulishi mtu jina la mwanawe.

Nimekaa kwenye ngazi za kushukia ghalani, mahali pekee ambapo Mireille hajanifuata, nikakumbuka Novemba, ile mara ya kwanza ulipogongwa kichwa, ulivyokuwa umeweka viatu kwenye oveni ukaniuliza nani kaviweka. Tulicheka. Laiti nisingecheka.

Sema ukweli, mpenzi. Sikugombezi. Nakugombeza, lakini sema.

Ghislaine


Bramwell, 11 Machi 1980

Gigi,

Haya. Ni kichwa.

Taa za uwanjani zinanichoma. Kwenye basi la timu nakaa mbele na ndoo ya kutapikia, nawaambia ni tumbo. Asubuhi niko sawa, jioni maneno yanapotea. Daktari mmoja wa hapa, niliyemwendea mwenyewe, amesema nisiguse barafu mpaka kiangazi, na ikiwezekana nisiiguse tena.

Timu haijui, au inajua na haitaki kujua. Unajua wanavyopima? Unarudi benchi, mtunza timu anakunusisha chumvi kali, anakuonyesha vidole, "Vingapi?" Gigi, ni viwili kila siku. Tangu nianze kucheza ni viwili. Hata aliyezimia anajua ni viwili.

Sasa sikiliza. Usimwambie mtu. Na kuliko wote usimwambie Rosaire. Timu yake, Mbweha wa Port Cardinal, iko vizuri mwaka huu, tukisonga mbele tutakutana nao fainali. Najua ni kaka yako na alinisimamia harusini. Lakini mtoano ukianza Rosaire hana dada wala shemeji, ana jezi. Wakijua ni kichwa watakitafuta kichwa.

Nimecheza majira manane ya baridi, Gigi, na kila mwaka Aprili naangalia wengine. Mara moja tu nataka kuinua kitu. Kisha nitavua viatu vya barafuni moja kwa moja, naapa. Na wewe niapie kwamba utanyamaza.

Normand


Saint-Aubin, 13 Machi 1980

Siapi.

Mtu anayetaka kuapiwa amletee mkewe kitu cha kuapia, asimletee jeneza amwambie alishike upande mmoja. Vua viatu sasa. Watoto wako hawajui kombe ni nini. Mireille anajua kikombe, nacho anakivunja.

Nitanyamaza mpaka nikishindwa. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na usiikuze.

Ghislaine


Saint-Aubin, 7 Aprili 1980

Kaka Rosaire,

Mama mzima, anakusalimu, anauliza kama unavaa soksi kavu.

Mimi nimewasikiliza Bramwell wakishinda raundi ya kwanza, nimewasikiliza wakishinda ya pili, na kila Normand alipoguswa nilikuwa nazima redio, naiwasha, naizima. Luc amejifunza kulia nikiigusa tu. Nimemwandikia aache, ananijibu habari za ndevu. Sasa ni fainali, na ni nyinyi.

Aliniambia nisikwambie. Nakwambia.

Ana kichwa kibovu. Pigo la Novemba halijapona na la Machi limekuja juu yake. Daktari amemkataza. Anajificha, na timu yake inamsaidia kujificha.

Sikuombi mshindwe. Shindeni, kunyweni, mlale kwenye hilo kombe. Nakuomba kitu kimoja kama mtu tuliyeoga naye beseni moja, kichwa chake usikiguse. Mpige mkono, mpige kwa kile kisahani mnachokigombania, mpige matusi. Kichwa hapana.

Na chumbani kwenu mnakovalia jezi usiseme.

Dada yako,
Ghislaine


Port Cardinal, 9 Aprili 1980

Gigi,

Umenifanyia nini?

Wewe unajua kazi yangu. Sikuajiriwa kufunga magoli, mimi na magoli hatujuani. Nimeajiriwa kuwagonga wanaofunga, na kwenye timu yao anayefunga ni mumeo. Jana kocha alituweka chini chumbani kama kila mtoano, akazunguka na sigara yake: "Nani ana habari? Goti la nani? Mkono wa nani?" Kila mtu akatoa alichonacho. Kijana wetu Hrynchuk alijua mpaka jino la kipa wao. Akafika kwangu. "Lachapelle, wewe si una shemeji kule?" Nikaangalia kamba za viatu vyangu nikasema shemeji yangu hanisemeshi toka Krismasi.

Mara ya kwanza maishani nina habari, na ni hii.

Nikinyamaza nawaibia wenzangu. Nikisema namuua baba wa wapwa zangu. Na nikiteleza kuelekea kwake nitakuwa naona uso wako. Unajua inachukua muda gani kuamua kumgonga mtu? Hakuna muda. Ukifikiri umeshachelewa.

Mwanaume ana kichwa kibovu, aambiwe yeye atoke, siyo mimi niambiwe nipunguze mwendo. Nyumba yenu ndiyo inavuja, na ndoo mmenipa mimi.

Sitasema. Lakini usinitakie bahati njema.

Rosaire

Soksi ni kavu, mwambie mama.


Bramwell, 15 Aprili 1980

Ghislaine,

Umemwambia.

Usinijibu kwamba hukumwambia, nitaichana barua. Mechi ya tatu, nyumbani kwetu. Nina kisahani ukingoni kabisa, nimeinamisha kichwa kama mtoto anayetafuta kifungo, na kwa pembe ya jicho namwona Rosaire anakuja. Yule hajawahi kunikosa. Hata kwenye mechi za kirafiki ananipiga, anasema ni salamu. Nikajikaza. Akafika, akageuza viatu, akanipisha. Akanipisha, Ghislaine! Kama mtu anayempisha bibi kizee mlangoni pa kanisa. Nikabaki peke yangu na kipa, nikafunga.

Uwanja ukalipuka. Mimi nikaona aibu mpaka mkononi.

Duquette akaja kunikumbatia, akacheka: "Shemeji kakufungulia mlango leo! Kesho atakutandikia kitanda?" Nikamwambia afunge mdomo. Lakini upande wa pili nao waliona. Kocha wao akampigia Rosaire kelele mbele ya watu wote, akamkalisha benchi. Na watu wakianza kujiuliza kwa nini beki mkali namna ile anamkwepa mtu mmoja tu, jibu halichelewi. Mechi ya nne Hrynchuk alipita mbele yangu, akajigonga kichwani kwa glavu, tok tok, kama anabisha hodi. Akacheka.

Ulitaka ajue mmoja, sasa wanajua wote. Kila nikigusa kisahani kuna kiwiko kinatafuta sikio langu. Umenivua nguo mbele ya wanaume wa timu mbili.

Sina la zaidi.

Normand


Saint-Aubin, 17 Aprili 1980

Normand,

Nimemwambia. Wala sikukusudia kukuficha.

Nimekosea hesabu. Nilidhani huruma inaweza kufanyika uwanjani bila kuonekana, nikasahau nawaongelea watu ambao wakimwona mtu ana huruma wanaanza kutafuta alipojikata. Hilo kosa ni langu, nalibeba pamoja na nepi. Lakini kosa lako ulibebe wewe. Siri haikuumizi kichwa. Kiwiko ndicho kinakuumiza, na unakwenda kusimama chini yake kila mechi kwa miguu yako mwenyewe.

Unasema nimekuvua nguo. Sawa. Mimi nikufiche nini, uchi ambao nitaufulia nguo, nitauogesha, nitaulisha kwa kijiko? Unafikiri ni nani atakayekaa na wewe ukisahau njia ya chooni? Duquette?

Nimempigia simu kocha wako. Ndiyo, kwa simu ya mama. Nilimwambia yote. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Mama, mumeo ameonyeshwa vidole na amejibu viwili." Ndipo sauti ya Bi. Pelletier ikatoka kwenye waya: "Na wewe mwanaume, nikikuonyesha changu kimoja utahesabu ngapi?" Kocha akakata. Kwa hiyo usihangaike tena na siri, hapa kijijini mpaka padri anajua.

Mko sawa, mmeshinda mbili, wameshinda mbili. Toka sasa. Hakuna atakayekucheka ambaye mimi namheshimu. Nakupenda, na nimechoka sana, na haya mawili yamekaa pamoja ndani yangu mpaka sijui lipi linaandika.

Toka, Normand.

Ghislaine


Port Cardinal, 21 Aprili 1980

Gigi,

Nilitaka usikie kutoka kwangu, lakini redio itakuwa imenitangulia.

Ni mimi niliyemvunja mguu.

Usichane. Soma.

Mechi ya tano Hrynchuk alimkosa kidogo tu, kiwiko kikapita kwenye nywele zake. Tulishinda, na chumbani watu hawakushangilia ushindi, walishangilia kile kiwiko. "Kesho hamkosi." Kocha akasema kwa upole, yule akisema kwa upole ndipo uogope: "Vijana, Sauvé akilala, msimu umekwisha." Akanitazama mimi. "Na Lachapelle atatuonyesha kama bado ni wetu."

Ningefanya nini? Kumwambia Normand atoke? Nilimwambia. Kabla ya mechi ya sita, tunapasha moto, nilipita karibu na mstari wa katikati nikamwambia, "Shemeji, nenda nyumbani." Akanitemea mate kwenye viatu. "Nenda wewe," akasema, "ukamfungulie mtu mlango."

Kipindi cha pili akapata kisahani pembeni. Hrynchuk alikuwa anatoka kulia, ameshanyanyua mkono. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Nikalishusha gongo kwa nguvu zote kwenye kifundo cha mguu wake. Nilijua ninapopiga. Nilisikia kilivyolia, Gigi, na mbao hazilii hivyo. Akaanguka chini ya kile kiwiko, Hrynchuk akapiga hewa, akajigonga ukutani mwenyewe.

Refa kanitoa nje. Bramwell wamenizomea mpaka koo zao zikakauka. Mechi hiyo wameshinda wao, sasa ni tatu kwa tatu, imebaki moja ya kuamua. Wenzangu walinipigapiga mgongo, "Karibu nyumbani, Lachapelle." Nikaenda kuoga na nguo zangu.

Mguu unaunga. Hii ndiyo njia niliyokuwa nayo.

Rosaire


Bramwell, 24 Aprili 1980

Ghislaine,

Tumeshinda kombe. Utakuwa umesikia redioni, nakwambia tu kwa sababu nilikuwepo na sikuwepo.

Walinikalisha nyuma ya benchi, suti ya kuazima, mguu wenye plasta juu ya kreti. Niliapa nisimtazame Rosaire. Alifungiwa mechi hiyo, alikuwa amesimama kwenye ile njia ya kuingilia wachezaji na koti lake. Nikamtazama mechi nzima. Nilikuwa napanga nitakachomfanyia kifundo hiki kikipona.

Kisha nikajaribu kufuata mchezo, na Gigi, sikuweza. Kisahani kilikuwa kinapotea. Nakiona kwenye gongo la Duquette, nikipepesa kiko upande mwingine, na sijui kimefikaje. Watu walikuwa wanasimama, wanakaa, mimi nasimama nao nikiwa nimechelewa. Ningekuwa pale ndani, kisahani kisingenisubiri. Wala Hrynchuk.

Goli la mwisho sijui nani alifunga. Nimeona haya kuuliza.

Kisha wakaniletea kombe. Duquette akanipakatisha, ndevu zake zimejaa machozi, akapiga kelele, "Inua, zulia! Inua!" Watu wote wakaanza kuimba jina langu. Taa, kelele, vile vyuma vinavyong'aa. Nikashika masikio mawili ya kombe nikalinyanyua mpaka kifuani, na hapohapo nikatapika ndani.

Wakashangilia! Walidhani ni pombe. Duquette alicheka mpaka akapiga magoti. Mimi nimekaa nimelikumbatia lile kombe na matapishi yangu, nikajua kila ulichoniandikia tangu Machi ni kweli.

Kwenye mstari wa kupeana mikono nilitoka na magongo ya kutembelea. Rosaire alikuja mwishoni kabisa, na koti lake. Akanyoosha mkono, sikuushika. Namchukia na sijui nimchukie kwa lipi. Nikimchukia kwa mguu, nakumbuka kile kiwiko. Wewe pia nina hasira na wewe, ipo tu, kama mtu aliyeingia nyumbani hataki kuondoka.

Sitacheza tena. Nimemwambia kocha. Aliniuliza kama nina uhakika, akanyanyua mkono, nikadhani atanionyesha vidole. Alikuwa anakuna shingo.

Nataka kuja nyumbani, kama nyumbani bado ni kwangu.

Normand


Saint-Aubin, 26 Aprili 1980

Normand,

Ni kwako. Swali la kijinga, usiliulize tena.

Sasa nisikilize, maana nitasema mara moja kisha nitamnyonyesha mtoto.

Kombe sitaki kulisikia mpaka niulize mwenyewe. Najua ulilitaka. Siku moja nitakuuliza, na utanieleza lote, na nitakaa nikusikilize bila kukunja uso. Si mwaka huu.

Kwa daktari tunakwenda Jumatatu, wewe na mimi, na nitakayejibu maswali ni mimi. Taa za jikoni nimezifunika kitambaa. Mireille nimemwambia baba anaumwa kichwa tusipige kelele, ndiyo anakwenda nyumba nzima akipiga kelele, "Tusipige kelele!" Ndevu zitoke kabla hajakuona.

Kumbe una hasira nami. Mimi pia ninazo zako, na za Rosaire, na za kocha, na zangu mwenyewe kwa kile nilichokiandika Aprili. Zote tutazitunza, tukipata nafasi tutazitoa nje moja moja. Nyie wawili mlikuwa na midomo. Wewe ungesema "siwezi", yeye angesema "sipigi", mngekuwa na miguu yenu yote minne. Mkaona ni rahisi zaidi kuvunjana. Na mimi niliyesema ndiye nimeonekana msaliti! Sitamshukuru Rosaire kwa kukuvunja mguu, na kila nikimwona Luc analala namshukuru, nakasirika upya.

Basi linafika saa tisa mchana. Rosaire atakuwa kituoni. Nimemwita mimi. Alikataa, mama akachukua simu, akakubali.

Sikumwambia akuombe radhi na wewe sikuambii umsamehe. Hamna haja hata ya kusalimiana. Lakini ngazi za mama ziko nje, barafu haijaisha, wewe una mguu mmoja, na mimi nina mtoto nyongani. Atakubeba mgongoni. Utamshika shingo, na utamshika vizuri, kwa sababu mkianguka mnaanguka wote.

Mkiwa bado na ugomvi mkifika juu, viatu mvue kwanza mlangoni.

Mkeo,
Ghislaine